Willy Gamba Ameniunguzia Maharage

Riwaya ya kijasusi haipimwi kwa sifa za wasomi. Inapimwa kwa hasara. Kwa kipimo hicho, Kufa na Kupona ya Elvis Musiba haijapata mpinzani hapa Endasak, na asiyeamini aje nimwonyeshe sufuria.

Kitabu kilitoka mwaka 1974. Nakala inayozunguka kwetu haina jalada, imevishwa kipande cha kalenda ya zamani kilichobanwa kwa uzi wa cherehani. Hadithi yake haina kona nyingi: nyaraka za siri za wapigania uhuru wa Afrika zimeibwa Dar es Salaam, na mpelelezi Willy Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata. Baada ya hapo ni risasi, magari, hoteli na warembo, na msomaji hapewi hata nafasi ya kukoroga mboga.

Mimi nilibandika maharage jioni, nikafungua kitabu nikisubiri yachemke. Harufu ya kuungua iliponifikia, nilidhani inatoka Nairobi.

Safari nyingine nilikuwa kwenye basi natoka Katesh, Mlima Hanang umejifunika mawingu, kitabu kiko mapajani. Konda akanigusa bega.

"Kaka, si ulisema unashuka Endasak? Tunaingia Dareda hapa."

"Subiri kidogo, Willy amezingirwa."

Akanidai nauli ya ziada, nikatoa bila kuinua kichwa. Alipokuwa anahesabu chenji akainama kuchungulia ukurasa. "Huyo Willy, amepona?"

Hasara haikuwa yangu peke yangu. Fundi cherehani alikisoma huku mguu ukiendelea na kazi, akashona mkono wa shati la shule ukaziba mwisho kama mdomo wa gunia. Mtoto akavaa, kiganja hakikutokea. Mzazi akaja juu, fundi akamjibu kwamba wa kulaumiwa ni mwandishi: kitabu kina haraka mno, mtu hapumui. Zaidi ya hapo, fundi haamini zile ngumi. "Suti haipigani hivyo," anasema. "Ngumi ya kwanza tu, kwapa limefumuka."

Kijana wa bodaboda ndiye aliyekipenda kuliko wote, akaenda kukijaribu. Alikata kona kwa mwendo wa Willy, akiwa na trei ya mayai ya mama ntilie nyuma. Kona aliiweza. Mayai hayakuiweza. Maoni yake ni kwamba riwaya ni nzuri ila ina uongo mmoja mkubwa: Willy hapati pancha wala haingii sheli.

Mama ntilie, baada ya kulipwa mayai yake, alikitaka kitabu aone kilichomtia hasara. Alikisoma usiku mmoja na asubuhi chai ilichelewa. Ugomvi wake uko kwa wanawake wa humo. "Mwanamke mwenye akili zake hampendi mtu ndani ya ukurasa mmoja," alitangaza mbele ya wateja. "Mimi wa kwangu alileta ng'ombe kwanza, na bado nilimfikiria." Alipoambiwa kwamba Musiba alikuwa mfanyabiashara, hata akawa mwenyekiti wa TCCIA, chemba ya wenye biashara, viwanda na kilimo, akatikisa kichwa: ndiyo maana Willy hakosi hela ya hoteli.

Mzee wetu mmoja ana kinyongo cha aina nyingine. Mwaka 1974 anaukumbuka vizuri. Ni mwaka wa njaa na wa ule unga wa njano ulioitwa yanga, na wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, mabati na kuku juu ya tela la trekta. "Wenzetu walikuwa wanalala Nairobi kwenye mashuka meupe," anasema, "na hakuna hata sura moja ambayo Willy anapanga foleni ya unga." Lakini kitabu hakukirudisha mpaka alipofuatwa nyumbani.

Mwalimu mstaafu yeye anasema hii ni riwaya pendwa, si ya kuchambuliwa. Darasani alifundisha Shaaban Robert, na vitabu vya Musiba akawa anavinyang'anya kutoka chini ya madawati. Tulipomuuliza vilivyonyang'anywa vilikwenda wapi, alikumbuka ana mgeni nyumbani.

Sasa lililo zito ni hili: nakala yetu haina kurasa za mwisho. Mshukiwa mkuu ni muuza karanga wa mnadani. Nimenunua pakiti zake mpaka tumbo likagoma, kila nikifungua natarajia kumkuta Willy, naishia kupata hesabu za darasa la tano.

Kwa hiyo kila mtu ana maoni juu ya mwisho ambao hakuna aliyeusoma. Kijana wa bodaboda anashikilia kwamba Willy hakufa, maana ziko riwaya zake za baadaye, Kikosi cha Kisasi, Njama na Hofu, na maiti haifukuzi mtu kwa gari. Mzee naye ana ushahidi wa kitaifa. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), anasema, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na Msumbiji ikapata uhuru 1975, mwaka mmoja baada ya kitabu kutoka. "Kwa hiyo nyaraka zilirudi," anahitimisha. Mpaka leo hakuna aliyeweza kumpinga.

Hukumu yangu ni fupi. Kitabu kilicholalamikiwa na kila mtu na kisichorudishwa na yeyote bila kudaiwa, hicho ni kitabu kizuri. Mwenye kurasa za mwisho azipeleke kwa fundi cherehani, hatutamuuliza amezipataje. Ila tafadhali, asituhadithie.