Ai Yawa! Mapambano Sita na Nusu Mabovu ya Mieleka ya Wanawake

Kisumu hakuna pambano linaloishia kwenye kengele. Likimalizika kwenye runinga linaanza upya Kondele, stendi ya bodaboda, na huko uamuzi wa refa hautambuliwi. Sote tunajua mieleka ya kulipwa ina maelewano: nani atashinda, nani ataanguka, nani atajifanya kavunjika shingo. Hilo halimnyimi mtu usingizi. Hata kwenye sinema za DJ Afro adui hafi kweli, na sijasikia mtu akidai arudishiwe pesa zake. Kinachoudhi ni kudanganywa kivivu.

Na watu wa huku si rahisi kuwaridhisha. Huu ndio upande wa nchi uliomlea Conjestina Achieng, binti wa Siaya, ambaye ngumi zake hazikuwa na maelewano na mtu yeyote. Ukishamwona Conjestina kazini, mwanamke anayerusha kofi linalopita hatua nzima mbali na shavu hakupati.

Basi tuhesabu kurudi nyuma. Mpangilio ni wangu. Mwenye wake aje Dunga tubishane, samaki alipe yeye.

6. Fimbo iliyotafakariwa

Baltimore, Juni 4, 2017. Bayley dhidi ya Alexa Bliss, mkanda wa WWE ukiwa mezani. Sharti lenyewe: fimbo imefungwa juu ya mlingoti kwenye kona, na atakayeifikia ana ruhusa ya kumchapa mwenzake. Bayley, ambaye kazi yake siku zote ilikuwa kukumbatia watu, akaifikia kwanza. Akaishika. Akaitazama. Akasita. Alexa akamvamia, akamnyang'anya, akamtandika nayo mpaka akamshinda.

Omera, hakuna mama wa Nyalenda aliyewahi kuifikia fimbo halafu akaanza kutafakari.

5. Vita vya mito

Aprili 2, 2006, WrestleMania 22, karibu na Chicago. Torrie Wilson na Candice Michelle walipigana kwa mito ya kulalia, kitanda kikiwa katikati ya ulingo. Torrie alishinda. Fundi yeyote wa Kibuye atakuambia kilichofanya kazi yake vizuri usiku ule ni kitanda. Tuendelee.

4. Santina

Houston, Aprili 5, 2009. WrestleMania ilikuwa inafanyika kwa mara ya 25, kwa hiyo wakaandaa pambano la washiriki 25, baadhi yao wakongwe walioitwa warudi ili waheshimiwe. Heshima yenyewe ilikuwa hivi: waliingizwa kwa mkupuo, Kid Rock akiimba, hata jina la mtu halikutangazwa. Kuna mashabiki waliokuja kujua baadaye kwamba kipenzi chao cha zamani alikuwamo ulingoni.

Na mshindi? Santino Marella, mwanamume mzima, ndani ya wigi na gauni, akijiita Santina, pacha wake wa kike. Wanawake chungu nzima, taji likaenda kwa mwenye ndevu zilizonyolewa asubuhi. Kwetu, mwanamume akijipenyeza kwenye chama cha akina mama, anapewa kazi ya kubeba viti. Hapewi zamu ya pesa.

3. Sekunde thelathini

Februari 23, 2015. Kipindi cha Raw kilikuwa cha saa tatu nzima. Paige na Emma dhidi ya mapacha Brie na Nikki Bella: kama nusu dakika, kengele, kwaheri. Kuvua koti la kuingilia kulichukua muda zaidi.

Anayeijua Obunga atalielewa pambano hili bila kuelezwa. Mbuta akifika kiwandani, minofu inakatwa inapelekwa Ulaya, na mtaani tunaletewa mgongo wazi: kichwa, mfupa, na nyama kidogo iliyosahauliwa na kisu. Wanawake hawa walipewa mgongo wazi wa kipindi. Tofauti ni kwamba akina mama wa Obunga wanajua kuukaanga ukaliwa. Nusu dakika haikaangiki.

Angalau safari hii watu walikasirika vizuri. Usiku huohuo mashabiki walijaa mitandaoni wakidai wanawake wapewe nafasi, na kelele zile hazikupotea bure. Mwaka uliofuata jina la "Divas" liliondolewa kwenye mkanda, na Aprili 2019 Becky Lynch, Ronda Rousey na Charlotte Flair walifunga WrestleMania, wanawake wa kwanza kufanya hivyo. Hata ile nayo iliisha kwa hesabu yenye utata, bega la Ronda likionekana liko juu. Jambo linalotuleta kwenye utata wenyewe.

2. Buibui

Madison Square Garden, New York, Novemba 25, 1985. Wendi Richter ndiye bingwa, kijana, anapendwa, na ana mvutano na wakubwa wa WWF, ndiyo WWE ya leo, kuhusu malipo na mkataba. Anapangiwa mpinzani aliyefunika uso, jina lake Spider Lady. Ndani ya kinyago yumo Fabulous Moolah, miaka 62, mwalimu wake mwenyewe aliyemfundisha kazi.

Moolah anamkunja Wendi kama mkeka. Wendi anainua bega mapema, waziwazi, kila mtu anaona. Refa anaendelea: moja, mbili, tatu, basi. Kengele inalia. Wendi, ambaye hakuambiwa lolote, anaendelea kupigana na kumvua mwenzake kinyago, huku mtangazaji wa ukumbini akimtaja bingwa mpya. Anavyosimulia mwenyewe, alitoka nje na nguo zake za ulingoni, akakamata teksi hadi uwanja wa ndege, na hakuzungumza tena na Moolah.

Hapa sina haja ya kufafanua sana. Wasomaji wa Kisumu wana uzoefu wa miaka mingi na hesabu zinazokimbia kuliko macho. Nitasema tu kwamba wenzetu angalau waliwekewa kinyago.

1½. Jackie

Ndiyo, moja na nusu. Kuna kundi zima linaloapa hili ndilo namba moja, nami sitaki kurushiwa mawe.

Raw, Philadelphia, Julai 8, 2002. Jackie Gayda alikuwa ndiyo kwanza ameibuka mmoja wa washindi wawili wa shindano la kusaka vipaji la Tough Enough. Badala ya kupelekwa mafunzoni akomae, akatupwa kwenye matangazo ya moja kwa moja: yeye na Chris Nowinski dhidi ya Trish Stratus na Bradshaw. Kila kitu kilichelewa. Kilele kilikuwa pale Trish aliporuka kutoka kwenye kamba ili amkamate kichwa na kumbwaga. Trish akatua. Jackie akabaki wima. Ikapita kama pumzi moja, kisha akakumbuka wajibu wake na kuanguka peke yake, kwa hiari.

"Ai yawa, huyo amesukumwa na nani?" Hilo ndilo swali utakalolisikia kila kanda hiyo inapochezwa mbele ya watu, na halijapata jibu. Mtangazaji Jim Ross hakuficha nafuu yake lilipokwisha. Nowinski, msomi wa Harvard, baadaye aliacha mieleka kwa sababu ya mitikisiko ya ubongo akawa mtetezi mkubwa wa wanamichezo wanaoumia kichwa. Sisi tuliolitazama bado tunasubiri kupimwa.

1. Sharmell na Jenna

Orlando, Julai 19, 2009, Victory Road ya kampuni ya TNA, onyesho ambalo watazamaji wa nyumbani walilipia. Kona hii, Jenna Morasca: mshindi wa Survivor ya Amazon mwaka 2003, dola milioni moja kibindoni. Kona ile, Sharmell: Miss Black America wa 1991, mke wa Booker T, hodari sana wa kumsindikiza mumewe ulingoni na kupiga kelele pembeni. Wanawake wawili wenye vipaji vyao. Mieleka haikuwa kimojawapo.

Zikaanza dakika karibu sita ambazo zimekataa kwisha hadi leo. Nywele zikavutwa. Makofi yakarushwa, mengine yakasitasita njiani. Wakashikana wakabiringika, wakaachana, wakatazamana kila mmoja akingoja mwenzake akumbuke kinachofuata. Mwishowe Jenna akamlalia Sharmell na refa akahesabu hadi tatu, hesabu pekee kwenye orodha hii ambayo natamani ingekimbia zaidi. Wasomaji wa jarida la Wrestling Observer walilichagua pambano bovu kuliko yote ya mwaka 2009, wanaume na wanawake wakiwekwa pamoja.

Pesa haikuwa tatizo. Hapo ng'ambo tu ya mpaka, Mukono, vijana wa Soft Ground Wrestling walianza na ulingo wa miti na kamba juu ya udongo mtupu. Mwaka 2023 video zao zilizunguka dunia, mabinti wao wakiruka na kutua tope likiwajaa mdomoni, na ukiwatazama unashika kichwa mwenyewe kwa maumivu. Hawakuwa na ukumbi wa Universal Studios kama ule wa Orlando. Wamefanya mazoezi, basi.

Na sasa sikiliza hili. Pembeni mwa ulingo ule wa Orlando, akiwa amemsindikiza Jenna, alisimama Awesome Kong. Kong aliyenolewa Japani. Kong ambaye mapambano yake na Gail Kim, kwenye kampuni hiyohiyo, yalikuwa yamewafanya watu waanze kuwasha runinga kwa ajili ya wanawake. Mwanamieleka halisi alikuwepo jengoni, ameshavaa, ameshalipwa. Kuna mtu ofisini aliyeshika kalamu akaandika kwamba yeye ndiye atakayetazama.

Kwa hiyo wewe unayetaka kumpandisha Jackie wa watu hadi namba moja, binti aliyekosea kitu kigumu mbele ya umati wiki chache baada ya kuajiriwa, njoo Dunga. Lakini kabla hujaagiza samaki, nijibu: Kong alikuwa anafanya nini nje ya kamba?