Shangazi na Boti Mbili za Baba wa Mbezi

Wiki hii Shangazi amepokea barua yenye picha mbili, na kwa dakika nzima alidhani ametumiwa picha ileile mara mbili. Mwandishi anajiita Njia Panda wa Mbezi. Ana mke, watoto wanne, mama mkwe na fedha za boti moja tu. Anataka kuwapeleka wanawe kisiwani Mbudya siku za mapumziko, na muuzaji amemwekea mbele boti mbili za sitaha zilizotumika Marekani: nyeupe zote, viti vya krimu zote, kurwa na doto. Moja ina futi 19, nyingine 21. Mke ameipenda ya 21 kwa sababu ina turubai pana na sinki la kunawia mikono.

Anayekwenda kushinda baharini ana haja gani na sinki? Hilo Shangazi amelipita.

Kilichomshika ni kibamba kidogo karibu na usukani, ambacho kimo kwenye picha moja na kwenye nyingine hakimo. Boti ya futi 19 imeandikwa: watu 8 au pauni 1,400, yaani kama kilo 635. Ya futi 21 haina kitu, na Njia Panda ameelewa kwamba hiyo basi inabeba zaidi bila wasiwasi. Sivyo. Sheria ya Marekani hulazimisha kibamba hicho kwa boti nyingi za mashine zilizo chini ya futi 20. Zikifika hapo, mtengenezaji hubandika akipenda. Boti isiyo na kibamba ina kikomo kama nyingine, ila haikisemi.

Na pwani hii kikomo kisichosemwa hujaa wajomba. Shangazi anawafahamu: wanatokea ufukweni Jumapili asubuhi wakiwa wamekwisha kuvaa kaptura, na nani atawaambia shukeni? Mnamo Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220.

Kwa hiyo Shangazi anachagua ya futi 19. Baba mwenye haya anahitaji kitu cha kunyooshea kidole wakwe wakizidi.

Lakini asilipe bado. Akaigonge tezi kwa mpini wa bisibisi, shibiri kwa shibiri. Mlio mkavu, mzuri. Ukigeuka mzito kama papai bovu, ubao uliomo ndani ya faiba umeoza. Kisha aiinue mashine, aushike mguu wake na kuutikisa huku macho yake yakiwa kwenye tezi. Ikicheza, aage kwa adabu.

Ajue pia kwamba boti za sitaha ni watoto wa maziwa na mito iliyotulia. Omo lake pana ni zuri kwa watoto kukaa, baya kwa kukata mawimbi: hupiga maji kama kofi na kuwalowesha wote. Safari ya Sabasaba, basi, ambayo Njia Panda ameipanga, inaangukia kusi limepamba moto. Aisogeze hadi kaskazi lituliapo, aondoke Kunduchi asubuhi, na kila kichwa kiwe na boya lake, la mtoto liwe la mtoto. Turubai atanunua hapahapa.

Bahasha ya pili nayo imetoka Mbezi, mwandiko wa kizamani, saini "Bibi wa Watoto Wanne". Anasikia mkwewe ananunua boti ndogo kwa kuogopa ndugu. Yeye anauliza tu kama wajukuu wawili wa Tanga na sufuria la pilau wanaweza kuhesabiwa kuwa mtu mmoja.

Shangazi amemwomba akalipime sufuria, pilau likiwemo.