Twiga, Fisi, Ngiri na Mamba: Uainishaji wa Magari kwa Kimo, Tarime na Serengeti

Tangu Serengeti itangazwe kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, wataalamu wamewahesabu nyumbu kutoka angani, wamewavisha simba kola za redio, na wamechambua hata kinyesi cha tembo. Hakuna aliyepiga magoti kupima nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi. Pengo hilo la elimu linazibwa hapa na mtafiti mmoja, asiye na ufadhili, kwa kutumia ndala ya mguu wa kulia.

Ndala ina vimo vitatu. Ikilala ni unene wa vidole viwili. Ikisimama kwa ubavu ni upana wa kiganja. Ikisimamishwa wima kwa kisigino ni urefu wa mguu wa mtu mzima. Gari likipita juu ya ndala iliyolala, hiyo si habari. Likipita juu ya ndala ya ubavu, linaweza kuishi Tarime mjini bila aibu. Likitaka kuishi kati ya Nyamongo na Mugumu wakati wa masika, mwenye gari aanze kuitazama kwa heshima ile iliyosimama wima. Mbinu hii ina dosari: ndala mbili zilipotelea uwandani, na ya tatu ilirudi na chapa ya tairi, nayo imehifadhiwa kama kielelezo.

Aina ya kwanza ni Twiga, na haitatuchelewesha. Ndizo Land Cruiser za watalii zinazopitia lango la Ikoma, nyingi zikiwa zimekaa nyuma juu ya springi za mabapa yaliyopangwa kama madaftari mezani kwa mwalimu. Twiga hajui tuta ni nini. Kinachomnyenyekeza ni ule udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua, na hapo swali haliwi la kimo tena, linakuwa la trekta.

Fisi ni mchomoko. Kwa msomaji wa mbali, mchomoko ni Toyota Probox, gari lililoanza kutengenezwa Japani mwaka 2002 kwa ajili ya kubeba sampuli za bidhaa na mafaili ya ofisi, kisha likaja Kanda ya Ziwa likakabidhiwa ukoo mzima. Linaondoka stendi ya Tarime abiria wawili wakigawana kiti cha mbele, wanne wakibanana katikati, na kwenye buti kuna watu, kuku na gunia la viazi. Mgongo unateremka kuelekea mkiani na taa za mbele zinamulika ndege. Gunia likishushwa Nyamwaga, mkia unapanda. Mafundi, kwa kulijua hilo, huongeza spesa na raba katikati ya springi za nyuma, na matokeo yake ni kwamba gari likiwa tupu hubinua makalio kama panzi anayejiandaa kuruka. Je, panzi wa saa kumi na mbili asubuhi na fisi wa saa moja ni aina moja au mbili? Mtafiti alimuuliza kondakta. Kondakta akamuuliza mtafiti kama anapanda au hapandi.

Ngiri ni gari la uzee. Ngiri wa porini hupiga magoti akila, akishiba huinuka. Huyu alipiga magoti mwaka fulani akasahau kuinuka. Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu kuna kosa ambalo hata watu wazima hulirudia kwa kujiamini: "Gari limelala kwa sababu shokapu zimekufa." Hapana. Shokapu haibebi gari. Anayebeba ni springi. Shokapu kazi yake ni kumwambia springi, "Basi, imetosha." Springi ikibonyezwa hutaka kurudi, ikirudi hupitiliza, ikipitiliza hutaka kurudi tena, na ingeendelea hivyo mpaka Sirari kama si mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vyembamba ndani ya shokapu na kugeuza ile ghasia kuwa joto. Gari lililolala limechoka springi. Gari linalodundadunda baada ya tuta limechoka shokapu. Ngiri, maskini, kwa kawaida amechoka vyote.

Na sasa Mamba, ambaye ndiye hasa aliyeleta utafiti huu. Wenzake watatu wamepewa kimo chao na kazi, mzigo au miaka. Mamba ameshushwa kwa hiari, tena kwa gharama. Ni Subaru Impreza, pengine Altezza, ya kijana aliyepata fedha mjini au machimboni, na amelala chini kotekote, mbele na nyuma, tairi zimeingia ndani ya upinde wa bodi kama kichwa cha kobe. Wapo mamba wa grinda, ambao springi zao za asili zimekatwa pingili chini ya mti. Na wapo mamba wa dukani, walionunuliwa springi fupi zenye rangi nyekundu au buluu. Wote wawili, karibu bila kukosa, wamebakishiwa shokapu zilezile walizotoka nazo kiwandani.

Swali la kwa nini zibaki nimelisikia likijibiwa kwa sentensi moja, na sijasikia jibu jingine: "Fundi, hizi si bado nzima?"

Ni kweli, nzima. Mlinzi wa ghala naye ni mzima, lakini ghala likigeuzwa baa, naye akabaki na rungu lilelile na tochi ileile, usiku wa kwanza wa Jumamosi utatuonyesha ukomo wa uzima. Springi fupi huwa ngumu kuliko ile ya mwanzo. Isingekuwa hivyo gari lingegonga chini kila mara. Robert Hooke aliitambua kanuni ya springi katika karne ya 17 na, kwa kuogopa kuibiwa, mwaka 1676 akaichapisha kama fumbo la herufi 14 zilizovurugwa. Miaka miwili baadaye ndipo alipofumbua: kadiri unavyovuta, ndivyo inavyokuvuta. Mafundi wa Tarime wameendeleza desturi hiyo ya usiri, ila wao hawafumbui. Ukikata pingili mbili katika springi yenye pingili nane zinazofanya kazi, ugumu unaongezeka kwa theluthi. Mteja haambiwi. Ugumu ukipanda kwa theluthi, uwezo wa shokapu ileile kuituliza springi unashuka kwa zaidi kidogo ya sehemu moja katika kumi, kwa kuwa hesabu hupitia kipeuo cha pili. Sehemu moja katika kumi ni ndogo kwenye karatasi. Kwenye mikunjo ya barabara, ile inayofanana na bati, ni meno yanayogongana.

La pili ni nafasi. Tuseme shokapu ilikuwa na sentimita 8 za kuzama kabla ya kufika kwenye ile raba nyeusi ya mwisho. Umelishusha gari sentimita 4. Sasa limesimama tu, halijaenda popote, halijabeba mtu, na nusu ya nafasi imekwisha kuliwa. Wapo wanaoikata raba yenyewe nusu ili nafasi irudi, nao ni sawa na mtu anayeng'oa mlango ili chumba kionekane kikubwa. La tatu linawahusu hasa mamba wa grinda: gurudumu likining'inia kwenye shimo, shokapu hunyooka urefu wake wote wa zamani, springi iliyofupishwa haifiki, nayo hucheza ndani ya kikombe chake na siku moja huchomoka. Huo ndio uhusiano pekee wa kisayansi uliogunduliwa kati ya mamba na mchomoko.

Kuna kejeli hapa ambayo vijana hawapendi kukumbushwa. Heshima ya Impreza katika nchi hizi ilijengwa pia na Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari na Impreza, na gari lile lilikuwa limenyanyuliwa, na bomba lake la hewa limepandishwa kando ya kioo ili livuke mito. Kabla yake, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404, gari ambalo babu zetu walilipenda kwa kukaa juu. Kijana amebandika nembo ya rali ubavuni na kukata miguu iliyoshinda rali.

Sisemi mamba ni mjinga. Mtoni kwake, mamba hana mfano. Lami ya Musoma hadi Sirari, baada ya daraja la Kirumi, ndiyo Mto Mara wake: tumbo likiwa chini, gari halilali kwenye kona, usukani unajibu upesi, na mtu aliyeketi ndani anaelewa kwa nini fedha zilitumika. Nimeketi. Nimeelewa. Tatizo la mamba ni kutoka majini.

Nyumbu huvuka Mara kati ya Julai na Oktoba. Mamba wa magurudumu huja Desemba, na mvua za vuli, kula sikukuu kwao. Desemba moja binamu yangu alikuja na Impreza ya buluu, springi za dukani, shokapu "bado nzima", akajitolea kutupeleka Mugumu kutoka Tarime, mimi na shangazi. Barabara hiyo, takriban kilomita 87 kupitia Nyamongo, imekuwa ikipata lami kwa vipande, na mamba hakai vizuri kwenye vipande. Shangazi aliingia kwa kurudi nyuma, akishika paa, akatua kwa mshindo.

"Mwanangu," akasema, "hiki ni kiti au kigoda?"

Tuta la kwanza binamu alilichukua kimshazari, gurudumu moja moja, kwa adabu. La pili tukaombwa tushuke. Tukapita kwa miguu, gari likafuata nyuma yetu kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kileleni mwa tuta nilikuta mikwaruzo mingi myeupe, ya zamani na mipya, imepangana kama majina kwenye kitabu cha wageni, na sampo ya binamu ikatia sahihi yake tukiwa tunasikiliza. Kwenye mikunjo ya changarawe hakukuwa na cha kushukia. Gari lilianza kuitikia kwa kichwa, haraka haraka, kama mtu anayekubali kila unachosema ili umwache. Shangazi alishika mfuko wake wa mayai mapajani na hakusema neno kwa kilomita kumi. Tulipofika alihesabu. Yaliyobaki alimpa binamu, akamwambia yamekwisha pigwa, ni ya kukaanga tu.

Kulipopambazuka, shokapu ya mbele kushoto ilikuwa na jasho jeusi la mafuta kutoka shingoni hadi chini. Binamu alilala juu ya bampa kwa uzito wake wote, akaliachia. Likapanda, likashuka, likapanda, likashuka, likafikiri kidogo, likapanda tena.

Mapema Januari tulirudi Tarime kwa fundi, chini ya mparachichi wake, kuzitafuta springi za asili. Alikuwa ametuahidi kuzitunza, na kwa kweli alikuwa amezitunza. Za nyuma zilikuwa ndani ya kiroba. Za mbele hakuzikumbuka mara moja. Alikuwa ameketi kwenye benchi jipya la ubao, glasi ya chai mkononi, akituitikia kwa upole, akipanda na kushuka kidogo kila alipocheka.

"Bosi, subiri nikutazamie," alimwambia binamu, akainuka kwenda kutafuta ndani ya banda.

Benchi likabaki pale chini ya mti peke yake, likiitikia, likiitikia, hakuna wa kuliambia basi.