Viatu vya Barafu Chini ya Jua la Zuzu

Barafu tunayoijua hapa Zuzu ni ya ubuyu. Inafungwa kwenye kifuko, unang'ata pembe, unafyonza, na kwa jua letu la Dodoma usipoiwahi inakutiririkia hadi kiwikoni. Ile ya kusimama juu yake iko Kilimanjaro, na hata huko, watu walishapanda kwenda kucheza kriketi mwaka 2014, wanawake nao wakapanda kucheza soka mwaka 2017 kwenye majivu ya kreta ya Kibo, lakini fimbo ya hoki sijasikia aliyeibeba. Nayataja haya ili ieleweke kwa nini ukoo mzima ulitoka uani siku mpwa wangu alipofika likizo kutoka Nairobi, akafungua begi, akatoa viatu viwili vyeusi vyenye visu chini ya soli.

Mpakani walikuwa wameshamuuliza kama ni silaha au zana za kilimo. Akasema ni viatu. Wakamwambia haya, vaa. Akakaa sakafuni, akavaa, akajiinua kwa kushika meza ya ukaguzi, na abiria wa basi zima wakampigia makofi. Akaruhusiwa kupita.

Kijana anasoma Nairobi na anakaa South B, si mbali na Barabara ya Mombasa, ilipo hoteli ya Panari. Hoteli hiyo ina uwanja wa barafu ndani ya jengo tangu mwaka 2005, na hapo ndipo ilipozaliwa timu ya hoki ya Kenya, Ice Lions. Kwa miaka mingi timu hiyo ilicheza yenyewe kwa yenyewe, maana hapakuwa na timu nyingine ya kupambana nayo. Mwaka 2018 baadhi yao walipelekwa Kanada, wakavalishwa vifaa kamili, na walipokuwa wanajiandaa kuingia uwanjani wakaletewa wachezaji wawili wa kuongeza nguvu: Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kwa mtu wa kwetu, hiyo ni sawa na timu ya kata kupungukiwa na watu, kisha Messi akaomba jezi. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Mpwa wangu hayumo kwenye timu. Yeye ni wa wale wanaojifunza pembeni, mkono mmoja ukutani. Ila amepata viatu vyake mwenyewe, vya msaada kutoka ng'ambo, kama vifaa vingi vya mchezo huo pale Nairobi, na ndivyo alivyokuja navyo. Vinambana.

Angesema anaumwa kichwa ingekuwa nafuu. Kiatu kinachobana ni jambo ambalo kila mtu wa Zuzu ni bingwa wake. Sisi tulikuzwa na viatu vya kukulia: unanunuliwa namba mbili mbele, unajaziwa gazeti kwenye ncha, unatembea kama bata mwaka mzima, na siku mguu unapokienea kiatu, soli inaaga. Kutoka hapo unarithi cha kaka, ambacho kinabana, na unaambiwa kitapanuka. Kwa hiyo kiatu cha saizi ya mguu wangu nilikuja kukiona nilipoanza kujinunulia mwenyewe, na nilidhani kina kasoro.

Mpwa wangu akatueleza kwamba viatu vya hoki vina kanuni nyingine. Namba yake huwa ndogo kuliko ya kiatu cha kawaida, kwa namba moja au moja na nusu. Ukisimama wima, vidole viguse ncha kidogo tu. Ukikunja magoti, virudi nyuma. Kisigino kikae kimya kabisa, kwa sababu kikicheza, chuma cha chini nacho kinakwenda kinakotaka. Na soksi iwe nyembamba mno. Akaongeza, kwa bahati mbaya mbele ya mama yangu, kwamba Bobby Orr, bingwa mkubwa wa zamani, hakuvaa soksi kabisa, na Paul Coffey, aliyesifika kwa kasi, alijibana makusudi kwenye viatu vidogo kuliko mguu wake.

"Mume wangu," mama akamwambia, maana ndivyo anavyowaita wajukuu zake wa kiume, "hao mama zao walikuwa wapi?"

Tatizo lenyewe, kwa maelezo ya kijana, halikuwa udogo. Ganda la kiatu hicho ni gumu, na kikiwa kipya huingizwa kwenye oveni, kwenye joto la nyuzi 80 hivi, kwa dakika chache, mpaka kilegee. Mwenye nacho anakivaa kikiwa cha moto, anafunga kamba, anakaa kitini bila kutembea hadi kipoe. Kikipoa kimeshika sura ya mguu wake. Hivi vyake vilishaokwa zamani, kwa mguu wa Mkanada tusiyemjua. Yule bwana alitoa viatu, ila miguu yake bado imo mle ndani, na kwa ushahidi wa malengelenge ya kijana, yule bwana ana kifundo chembamba na unyayo uliobonyea.

Mama alisikiliza yote hayo, akaitikia kwa kichwa, akaenda jikoni akaloweka mtama.

Dawa hiyo ni ya zamani na sina neno nayo: unajaza kiatu nafaka mbichi yenye maji, inavimba usiku, inasukuma ngozi pole pole. Kwa viatu vya ngozi inafanya kazi. Kwa ganda la plastiki ngumu, mtama ulipoona kuta hazisogei ukaamua kuendelea na maisha mengine. Tulipokuja kuvitazama, kwenye kiatu cha kulia ulikuwa umeota. Miche mizuri, myeupe, inachungulia kwenye matundu ya kamba. Kijana alishika kichwa. Mama alifurahi sana, kwa sababu kimea cha togwa hakijawahi kumtokea vizuri namna ile, akakikung'uta chote kwenye ungo, akauliza kama kile cha kushoto anaweza kukiacha siku mbili zaidi.

Basi ikabidi turudi kwenye kanuni ya Kanada: oveni. Jirani yetu anaoka keki za harusi na kipaimara kwa oveni ya mkaa, moto chini na moto juu, na ni mwanamke asiyekataa kazi. Kijana akamwomba nyuzi 80. Yeye akamwambia ana moto wa mkate, moto wa keki, na moto wa wageni wameshafika. Walijadiliana kwa heshima, wakakubaliana moto wa keki ulioondolewa makaa ya juu, mlango wazi kidogo. Kiatu kikaingia. Mimi nilipewa kazi ya kutazama saa, na jirani akasema saa haihitajiki, keki ikiiva inanukia.

Ikanukia. Kiatu kilitoka laini kama kilivyotakiwa, kina harufu ya vanila, na ulimi wake umekuwa wa kahawia kidogo kwenye ncha, rangi ambayo jirani aliisifu. Kijana akakaa kwenye kigoda uani, akavaa, akazivuta kamba kuelekea pembeni, si juu, maana ganda likiwa la moto matundu huchanika. Akatulia. Nusu saa ya kutokutembea wala kusimama. Hata kutikisa mguu ni mwiko.

Kuku wa mama wakaja kwenye dakika ya tano hivi. Mtama haukuwa umekung'utwa wote, na ule uliobaki chini ya soli ya ndani ulikuwa umeanza kujitokeza pembeni, umekaangika. Jogoo alianza na kisigino. Kijana akampungia mkono. Wengine wakaelewa kwamba mtu huyu hasimami, na katika maisha ya kuku hiyo ni habari njema kupita zote. Alipigana nao kwa kofia na kwa maneno ya Kinairobi ambayo mama hakuyaelewa, ila aliyakataza. Aliyemwokoa alikuwa mbuzi, aliyefuata kamba na kuwatawanya kuku, kisha ikabidi kijana aokolewe kutoka kwa mbuzi.

Niseme ukweli, hata hivyo: kiatu kilikaa. Unyayo wa yule Mkanada uliondoka, wa kwetu ukaingia. Ilibaki sehemu moja tu, jicho la mguu kwa upande wa nje, pale mfupa unapotokeza. Hapo paligoma, na kijana alipopiga hatua alikuwa anavuta pumzi kama anayekanyaga mbigili.

Ndipo nikampeleka kwa fundi viatu, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nadhani tulikosa adabu kutoanzia kwake. Fundi wetu anashona kandambili za matairi. Ukienda kuagiza, hakuulizi namba. Anakukanyagisha kwenye kipande cha boksi, kulia na kushoto, anachora kwa chaki kuzunguka kila mguu, kisha anakuambia utembee hadi kwenye mwembe na kurudi huku yeye anakutazama nyayo vumbini. Huko kwenye maduka makubwa ya hoki nchi za nje siku hizi mguu unawekwa kwenye mashine yenye kamera, unapigwa picha pande zote, kompyuta inatoa ushauri. Sina ugomvi na kompyuta. Lakini fundi alimtazama kijana anatembea, akasema, "Dogo, mguu wa kushoto umeuzidi wa kulia, na bega moja unalibeba chini. Uliwahi kuanguka baiskeli?" Aliwahi. Kompyuta ya duka gani ingeuliza hilo?

Akakigeuza kile kiatu, akagonga ganda kwa ukucha, akakinusa. "Mmekipika?" Tukanyamaza. "Kwa moto wa keki?" Anamjua jirani yetu.

Kisha akaomba rangi ya mdomo. Dada yangu, mama wa kijana, alikuwa ametusindikiza, akaitoa kwenye pochi kwa shingo upande. Fundi akaipaka kwenye ule mfupa, akamvalisha kijana kiatu bila soksi, akambonyeza, akamvua. Ndani ya kiatu palikuwa na alama nyekundu ya duara, mahali penyewe hasa. Mpwa wangu akatumbua macho, akasema mafundi wa hoki wanafanya hivyohivyo, rangi ya mdomo kabisa, wakitafuta pa kusukuma ganda. Fundi hakushangaa kusikia kwamba wamejifunza.

Akapasha pale palipo na alama kwa ncha ya pasi ya mkaa, akiweka kitambaa kibichi katikati, akaingiza mchi wa kinu ndani ya kiatu na kusukuma taratibu kwa tumbo lake mwenyewe. Ganda likatoa uvimbe wa nje, mdogo, wa mviringo, kama jipu lililokubali. Akashikilia mpaka likapoa. Kijana akavaa, akafunga, akasimama. Uso wake ukabadilika. Akapiga hatua moja, mbili, tatu, kwa madaha, juu ya vifuniko vya plastiki vinavyokinga vile vyuma, akiwa amerefuka kiasi ambacho hakuwa amekizoea, na kichwa kikakutana na boriti ya kibanda.

Fundi alidai bei ya kubandika soli. Dada akadai rangi ya mdomo.

Hapo safari ingeishia, kama si upendo wa baba. Shemeji yangu ana bucha, na siku zote za likizo alikuwa anavitazama vile viatu bila kusema, akiumia kama mtu wa fani. Mara moja tu aliniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, vyuma vizuri vile, butu kabisa." Na kweli, ukigusa huoni makali ya kisu, kwa sababu si kisu. Ukikitazama chuma hicho kwa mbele utaona kina mfereji mdogo katikati, umepita urefu wake wote, na kingo mbili, ya ndani na ya nje. Mfereji huo huchimbwa kwa jiwe la duara. Ukiwa wa kina kingo zinauma barafu sana, ukiwa wa kina kidogo mtu anateleza zaidi. Kila mchezaji ana kipimo chake. Hayo yote kijana alikuwa ametueleza, siku ambayo baba yake alikuwa bucha.

Usiku wa kuamkia safari, shemeji alivichukua kimyakimya, akavipeleka kwa yule mnoaji wa visu mwenye jiwe la kuzungusha kwa pedeli za baiskeli. Wakakesha navyo. Mfereji ukafutika, kingo mbili zikawa moja, nyembamba, inayong'aa, ya kupitisha kwenye paja la ng'ombe bila kukwama. Akavirudishia vifuniko vyake, akavifunga kwenye gazeti, akavipanga begini. Alitaka mtoto avikute tu.

Akavikuta. Nilipigiwa simu kutoka Nairobi jioni moja. Miguu, kijana alisema, haijawahi kujisikia vizuri namna ile. Kifundo kimetulia, kisigino kimetulia, mfupa haugusi popote. Ila alipoingia barafuni alikwenda mbele. Alijaribu kukata kona, akaenda mbele. Alijaribu kusimama, akaenda mbele, katikati ya watoto waliokuwa wanasherehekea siku ya kuzaliwa, hadi ukutani, huku nyuma yake barafu ikiwa na mistari miwili iliyonyooka kama reli ya Zuzu. Wenye mashine ya kunolea pale walivitazama wakauliza alikotoka. Ilibidi chuma kiliwe sana ndipo mfereji upatikane tena.

"Mjomba, tafadhali, baba asijue."

Nikaahidi. Baba yake alimpigia kesho yake, mbele ya wateja wake, simu ikiwa kwenye spika.

"Vinakata?"

"Shikamoo baba. Vinakata sana."

Bucha zima likasikia. Shemeji ameshatuma ujumbe kwamba likizo ijayo vije tena, kwa sababu akikumbuka vizuri, cha kushoto hawakukimaliza.