Mbwa wa Kazi na Bei Yake: Mambo 10 Unayotozwa, Kuanzia la Kipuuzi Hadi la Maana

Ukitafuta mtoto wa German Shepherd wa ukoo wa kazi kwa mfugaji wa Marekani, andaa kati ya dola 1,500 na 3,500. Hao ndio mbwa waliozalishwa wanuse, walinde na watii amri, tofauti na binamu zao wa ukoo wa maonyesho. Yupo atakayekuuzia kwa dola 700, yupo atakayetaka 6,000, na wote wawili wataapa kwa mama zao kwamba hakuna mbwa kama wake. Kabla hujalia bei, uliza ni bei ya nini. Tunahesabu kutoka chini.

10. Rangi "adimu"
"Huyu ni wa buluu, mzee, huwapati kirahisi." Kweli huwapati, kwa sababu kanuni za AKC, chama kikuu cha usajili wa mbwa Marekani, zinaihesabu buluu kuwa kasoro kubwa. Mweupe ndiyo kabisa, anatolewa nje ya maonyesho. Ni biashara ya jinzi zilizochanika: unalipia tundu. Wengi wa ukoo wa kazi ni weusi au wana rangi ya mbwamwitu, na mwizi wa saa nane usiku hana muda wa kukagua manyoya.

9. Ukubwa wa kutisha majirani
Kiwango cha kimataifa kinasema dume awe na sentimita 60 hadi 65 begani na kilo 30 hadi 40. Jike ni sentimita 55 hadi 60, kilo 22 hadi 32. Anayetamba kwamba dume wake ana kilo 60 usimwongezee dola. Mwongezee maswali, kisha muulize kama huyo bwana anaweza kuruka ukuta au anauegemea tu.

8. Jina la Kijerumani
Nahodha Max von Stephanitz alianzisha SV, chama cha German Shepherd huko Ujerumani, mwaka 1899, na mbwa wa kwanza kusajiliwa akaitwa Horand von Grafrath. Tangu hapo kila mwenye banda la mabati Ohio anajiita "vom" hivi au "von" vile. Jina halina ushuru. Lichukue bure, na ulilipie hivyo hivyo.

7. Karatasi za usajili
Karatasi ni lazima, lakini zinajibu swali moja tu: baba nani, mama nani. AKC wenyewe wanasema usajili wao si muhuri wa ubora. Halafu soma maandishi madogo. Kuna usajili wenye mipaka, ambapo watoto wa mbwa wako hawatasajiliwa, na kuna usajili kamili, ambao baadhi ya wafugaji huutoza bei zaidi. Kama huna mpango wa kufungua kiwanda cha mbwa, wa mipaka unakutosha.

6. Chanjo na dawa ya minyoo
Mtoto wa wiki 8, umri wa kawaida wa kuondoka kwa mama, awe ameshaanza chanjo dhidi ya parvo na distempa, na minyoo iwe imeshughulikiwa. Muuzaji anayeorodhesha hayo kama zawadi kwako ni mwenye hoteli anayejisifu kwamba sahani zimeoshwa. Na akikwambia mtoto huyo wa wiki 8 ameshamaliza na kichaa cha mbwa, shangaa kwa sauti, maana chanjo hiyo kwa kawaida husubiri wiki ya 12.

5. Tiketi ya ndege
"Nitaagiza Ujerumani, kule ni nafuu." Bei ya kule huenda ni nafuu kweli, ila tangu Agosti 1, 2024 mbwa yeyote anayeingia Marekani lazima awe ametimiza miezi 6 na awe na chipu ya utambulisho. Yule mtoto wa wiki 8 uliyemwona kwenye picha atafika akiwa kijana mwenye meno mapya, huku mtu wa Ujerumani amemlisha, amemfundisha na amekuandikia bili ya yote mawili.

4. Uzazi
Hapa acha utani kidogo. Ada ya kupandishiwa dume bora mara nyingi hukaribia bei ya mtoto mmoja. Ongeza vipimo vya homoni vya kujua siku ya kupandisha, safari ya kumfuata dume, mimba ya siku 63 hivi, na usiku ambao jike anakwama na daktari wa mifugo anataja upasuaji. Wakizaliwa wanane, mfugaji hupata afueni. Akizaliwa mmoja, anabaki na hasara yenye mkia. Kwa hiyo ukianza kupatana bei kwa mtindo wa Kariakoo, ukageuka na kuondoka ukingoja kuitwa, jua kwamba hapa hutaitwa.

3. Mifupa ya wazazi
German Shepherd husumbuliwa na nyonga na viwiko. Dawa ya kwanza ni kuwapiga wazazi eksirei kabla hawajazaa. OFA, taasisi inayokagua eksirei hizo, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1966, haitoi cheti cha kudumu cha nyonga mpaka mbwa atimize miezi 24. Basi tangazo linaloonyesha mama wa miezi 14 mwenye "nyonga safi" lina mtu mmoja asiyejua hesabu, na muuzaji anatumaini ni wewe. Kipo pia kipimo cha vinasaba cha ugonjwa unaolemaza miguu ya nyuma taratibu uzeeni. "Daktari amemwona" hakuingii kwenye orodha hii. Hata mimi daktari amewahi kuniona, na sina cheti cha nyonga.

2. Mfugaji anayekuhoji
Anataka kujua unaishi wapi, unafanya kazi saa ngapi, na umewahi kumfundisha mbwa gani. Anakuchagulia mtoto badala ya kukuacha umchukue aliyekulamba kidole. Mkataba wake unataja dhamana ya nyonga na unasema mambo yakiharibika, mbwa arudi kwake, hata baada ya miaka 5. Akigundua unaishi chumba kimoja ghorofa ya 9 na unatoka nyumbani saa 12 asubuhi, atakukatalia. Usikasirike, ameokoa kochi lako. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu hajitembezi.

1. Kazi ya wazazi
Wahenga walishamaliza: mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Mtihani unaotafutwa ni IGP, wenye sehemu tatu: kufuata harufu, utii na ulinzi. Kila sehemu ina alama 100, na kufaulu ni kuanzia 70. Ujerumani, SV kwa kawaida hudai eksirei, mtihani wa kazi na mbio za kilomita 20 kabla ya kuruhusu uzazi. AKC haidai hata kimoja, kwa hiyo mfugaji wa Marekani aliyefanya hayo yote ameyafanya kwa hiari, kwa miaka, kwa mfuko wake. Mlipe. Asiyefanya atakwambia babu wa babu alikuwa bingwa. Mpe pole ya msiba, usimpe dola.

Hata hivyo, usinunue ndoto. Jeshi la Marekani huzalisha mbwa wake wa kazi wa aina ya Malinois pale kambi ya Lackland, San Antonio, na hata huko si kila mtoto anakuwa askari. Bei nzuri inakununulia uwezekano, kazi ya kumfundisha inabaki yako.

Hukumu
Chini ya dola 1,000, uliza kilichorukwa. Dola 1,500 hadi 2,500 ni bei ya haki kwa wazazi wenye eksirei na mtihani. Juu ya 3,500, wazazi wawe wameshindana ngazi ya taifa, au mtoto awe mkubwa na ameshaanza mafunzo. Uliyeko Nairobi au Dar, tarakimu zitabadilika lakini maswali ni yale yale: picha za nyonga ziko wapi, na mama anafanya kazi gani?

Rekodi za OFA zilizo wazi husomwa bure mtandaoni. Tafuta jina la mama na la baba kabla hujatuma kishika uchumba.