Muulize Bi Mashauri: Kiingereza cha Mjerumani

Bi Mashauri, nilipatana na mgeni wangu Mjerumani safari ya Pate, akaniambia kwa Kiingereza tuondoke “half ten”. Saa nne na nusu kamili niko gatini. Namkuta kanuna, ati aningoja tangu saa tatu na nusu. Tulipoingia mkondo wa Mkanda maji yashakupwa, mashua ikakaa topeni katikati ya mikoko, pondo haikufaa kitu. Sasa hataki kulipa.
Nahodha Niliyekwama, Langoni

Nahodha, hapo hakuna mwongo. Kwa saa zao za kizungu, Mjerumani huihesabu nusu kwa saa inayokuja: tisa ikishapita, ile nusu tayari ni mali ya kumi. Ndivyo wasemavyo kwao, naye alipovuka kuingia Kiingereza hakuiacha forodhani. Mwingereza hutamka maneno yayo hayo akikusudia kumi imeshapita. Wewe ukayafuata ya Mwingereza, ukageuza kwa saa zetu, na hesabu yako ni sahihi. Saa nzima imepotea baina ya watu watatu, na mmoja wao hakuwamo hata mashuani.

Ukitaka wa kumlaumu, laumu mwaka 1890. Wajerumani walikuwa papa hapa: Witu waliifanya himaya yao 1885, na 1888 wakafungua posta yao Lamu mjini. Kisha wakapatana na Waingereza: Witu ikaenda kwa Mwingereza, kisiwa cha Heligoland kikaenda kwa Mjerumani. Posta ikafungwa 1891. Wangalibaki, mngaligombana kwa Kijerumani na saa ungaliijua.

Siku nyingine usimpe saa. Mwoneshe ngazi za gati, umwambie maji yakigusa ile ya tatu, mwaondoka. Nauli alipe yeye. Chai ya pale topeni ni juu yako.

Bi Mashauri, mimi Mjerumani, nimepanga nyumba Shela nikinoe Kiingereza changu. Mwalimu wangu kwetu alinipigia kelele miaka mingi nisiseme “I am here since Monday”. Hapa wote husema hivyo, nami nimejiachia. Je, nitaharibika?
Mgeni wa Shela

Utaharibika, mwanangu, na utapata marafiki. Sisi husema “niko hapa tangu Jumatatu”, tukamaliza. Nanyi kwenu ndivyo mjengavyo. Anayedai kitenzi kimoja zaidi ni Mwingereza peke yake, na kura mbili kwa moja ni ushindi. Ila ukiwa na mtihani, mpe akitakacho.

Wala usione haya. Krapf, mzaliwa wa Derendingen, alifika Mombasa 1844 akitumwa na wamisheni wa Uingereza. Sarufi yake ya Kiswahili ikachapwa Tübingen 1850: Mjerumani, juu ya Kiswahili, kwa Kiingereza, ndani ya Ujerumani. Wewe unababaishwa na Jumatatu?

Bi, nilimbebea Mjerumani mizigo kwa punda mpaka Mkomani. Akasema atanilipa “until Friday”. Nikafurahi: kila siku mpaka Ijumaa! Leo Alhamisi, sijaona hata shilingi.
Kijana wa Punda

Alikusudia Ijumaa isipite hajakulipa. Mara moja tu. Kesho baada ya sala mpitie, na kama umeshakopa dukani kwa hesabu ya siku tano, mimi usinitaje.