Mboga ao Dawa?

Siku niliyohesabu noti ninazomwachia mama muuza lengalenga wa soko la Kikula, ndiyo siku niliyokuwa mkulima. Nilirudi nyumbani nikatangaza: kuanzia leo mboga itatoka nyuma ya jiko letu. Mke wangu alinitazama, akavitazama viatu vyangu vya ofisini, akaendelea kusonga bukari.

Kosa la kwanza lilikuwa la kalenda. Tulikuwa mwezi wa sita. Mtoto yeyote wa Likasi anajua kwamba mvua ikishaaga mwezi wa nne, kuiona tena ni mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na kwamba huku juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, asubuhi za Juni ni baridi, hata mbwa hulala wamekumbatiana. Mimi pia nilijua. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira haina msimu.

Kwa ukuta alisimama muzee jirani, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines, kampuni ya madini, kwa kile kilichoitwa hiari, mwaka 2003 na 2004. Alinitazama nikipiga jembe, kila pigo likitoa mlio wa jiwe.

"Mwanangu," akasema, "huu udongo umezoea kutoa shaba. Lengalenga itabidi uufundishe."

Si utani mtupu. Mji huu, uliokuwa Jadotville hadi 1966, ulijengwa kwa ajili ya madini. Mgodi wa Shinkolobwe si mbali na hapa, na urani yake ndiyo iliyoingia kwa wingi katika bomu la Hiroshima, 1945. Kuna hata kaua ka zambarau kanakopenda udongo wenye shaba; wanajiolojia walikuwa wakikafuata kama mbwa anavyofuata harufu. Muzee alinishauri nikikaona kwenye tuta langu niache kulima, niende kutafuta kibali cha kuchimba.

Mbegu za lengalenga nilipewa ndani ya karatasi iliyokunjwa kama ya dawa. Nyeusi, zinang'aa, ndogo kuliko chumvi; gramu moja ina zaidi ya mbegu elfu. Mwenye akili huzichanganya na mchanga mkavu kwanza, ndipo azirushe, ziangukie mbalimbali. Mimi nilijaza kijiko cha chai nikakimimina chote katika mstari mmoja, mnene, ulionyooka kwa kamba. Mstari ulipendeza kweli.

Maji je? Bomba letu linatoa hewa siku nyingi kuliko maji. Kwa hiyo nilimlipa kijana wa baiskeli aniletee bido mbili za lita 20 kila jioni. Hesabu ya bido hizo sikuifanya, na naomba msomaji naye asiifanye.

Wiki mbili, kimya. Wiki ya tatu, kijani! Niliita watoto, niliita mke, karibu niite na padri. Nikamwagilia kwa upendo, nikajenga uzio wa matawi, nikafukuza kuku wa mtaa mzima. Majani yalinyanyuka membamba, marefu, yenye afya kuliko mimi. Mwisho muzee akaja, akainama, akang'oa jani moja, akaliweka katikati ya meno.

"Papa," akasema. Nilipoacha kuwa mwanangu nikajua mambo ni mabaya. "Weye unamwangia nyasi mayi."

Tulizing'oa pamoja. Chini yake, kwenye ule mstari wangu mnene, lengalenga ilikuwepo: maelfu ya miche imesongamana, myeupe, myembamba kama ndevu za kijana wa miaka 15. Nilikataa kushindwa. Nikavuna yote, beseni likajaa, nikalibeba jikoni mwenyewe. Lakini lengalenga na moto mnajua wanavyoheshimiana. Sufuria ilipofunuliwa, kilichobaki kiliingia kwenye kijiko cha mezani, na nafasi ikabaki.

Mke wangu alikiinua kijiko, akakisogeza kwenye mwanga.

"Hii ni mboga ao ni dawa?"

Usiku huo tulikula bukari na ndagala. Watoto walisali kwa ufupi.

Tuta nikaliacha. Mwezi wa tisa joto liliporudi, nilimwona mke wangu akipita mlangoni na kapu la majani mapana. Nikadhani ametoka Kikula. Hapana, alitoka nyuma ya choo, pale tunapotupa maganda na kumwaga maji ya vyombo. Boga lilikuwa limeota lenyewe, limetambaa hadi kwenye uzio wangu, limeupanda. Hakuna aliyelipanda wala kulilipia bido. Alikata chibwabwa, akamenya nyuzi za vikonyo, akapika na unga wa karanga. Tulirudia sahani mara mbili, na hakuna aliyetaja lengalenga.

Baada ya kula alinikabidhi ndoo ya takataka.

"Papa, kamwange hii," akasema. "Na usiipange kwa kamba."